Nimeokoa randa ya zamani kwa mwenye skrapu hapa Nakuru, nani anajua kuifufua?

Mjukuu_wa_Njoro (Nakuru)

Wadau hamjambo. Jumamosi iliyopita nilienda kwa mwenye skrapu fulani huku Bondeni kutafuta anglaini ya kufungia mlango wa banda la kuku, sikuwa na habari na mambo ya randa hata kidogo. Nikiwa napekua pekua kwa lundo, kati ya rimu za baiskeli na jiko limetoboka matako, nikaona mpini wa mbao umetokeza, ule mpini wa nyuma wa randa umejikunja kama mkia wa jogoo. Nikauvuta. Ikatoka randa nzima, kutu mpaka imekuwa rangi ya tofali, lakini nzima.

Mwenye skrapu alikuwa ashasema kila kitu hapo ni kwa kilo, sasa ile kuniona nimefurahi akabadilika, ati hiyo ni antiki, elfu moja mia tano. Tukavutana weee mpaka mia nane. Nilipofika nyumbani na chuma cha kutu na bila anglaini, mama watoto hakusema kitu, aliangalia tu banda la kuku.

Nimeipima ni inchi 14. Nikikwaruza kutu mbele naona No 5, kwa kile kifuniko cha kubana kisu kuna STANLEY, na nyuma yake MADE IN ENGLAND. Lakini kitu kimeninyima usingizi ni ubavuni, kuna mtu aligonga herufi moja moja na chuma, EAR&H, na hazijanyooka, ile H imeenda juu kidogo. Halafu kwa kile kishikio cha mbele cha mbao, mtu mwingine amechonga na ncha ya kisu J.O.

Sasa mtaniuliza mtu hajui seremala anataka randa ya nini. Guka yangu, yaani babu, alikuwa fundi wa mbao Njoro, madawati, vitanda, makabati, na majeneza pia yakihitajika. Kazi yetu watoto ilikuwa kuokota maranda, mengine ya kuwasha jiko mengine ya kuku. Maranda ya saiprasi yakiwa bado moto kutoka kwa randa yana harufu siwezi kueleza, ukiyapeleka puani yanakukuna. Alikuwa anaigeuza randa tumbo juu, anafunga jicho moja anaiangalia kama mtu anachungulia kwa jirani, anazungusha kile kigurudumu cha shaba kidogo tu, anapiga tena. Ikianza kutoa utepe mrefu bila kukatika hapo hakuna mtu wa kumwongelesha, hata cucu, bibi yake, akileta chai alikuwa anaiweka chini polepole na kwenda.

Alikufa 2009. Mimi nilikuwa bweni. Nilirudi likizo nikapata sanduku lake halipo, randa tatu, misumeno, keekee, patasi kama kumi hivi, anko alilifunga kwa bodaboda likaenda kwa skrapu. Kwa kilo. Kulikuwa kumebaki tu mraba msafi kwa sakafu ya saruji mahali sanduku lilikaa miaka yote hiyo.

Kwa hivyo hii si ya guka najua, ya guka haikuwa na hizo herufi. Lakini nataka ifanye kazi. Hiyo kutu naitoa na nini bila kuiharibu? Kisu kimeliwa lakini kimebaki kama inchi moja na nusu kabla ufike kwa ule mwanya wake, kinatosha? Na EAR&H ni ile reli ama? Nyinyi mnapata wapi hizi vitu, maana nimeanza na nasikia ni kama ugonjwa.

---

Omera_wa_Kibuye (Kisumu)

Pole na hongera kwa pamoja. Ndiyo, ni reli, East African Railways and Harbours. Na hapo wamekurahisishia kazi ya kujua umri, kwa sababu hilo jina lilianza 1948 walipounganisha reli ya Kenya na Uganda na ile ya Tanganyika, halafu 1969 bandari zikatengwa zikawa shirika lao, ile "and H" ikaisha. Kwa hivyo hiyo randa iliingia stoo ya reli kati ya hapo, labda kama mwenye stoo alikuwa mvivu wa kubadilisha muhuri. Tena inakubaliana na hayo maandishi ya England, maana randa za Stanley za kitambo zilikuwa zinatoka Marekani, mji wa New Britain, Connecticut, walianza kuzitengeneza Sheffield miaka ya mwisho mwisho ya 1930. Huku kwetu za Marekani nimeona mbili tu maisha yangu yote, nyingi ni za Sheffield, Stanley na Record, kwa sababu tulikuwa tunaletewa na mkoloni vitu vya kwao.

Reli ilifika hapa Kisumu 1901 na hapa kuna gati na mahali pa kuunda meli, zile meli za ziwa zilikuwa zinakuja vipande vipande kutoka Uingereza zinaunganishwa hapa hapa, hata MV Uhuru ile ya kubeba mabehewa. Meli ina vyumba, ina milango, ina viti, na mabehewa pia yalikuwa na mbao ndani kila mahali. Hao mafundi wote walikuwa na randa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, na kabla ugawaji wa mali uishe, vitu vidogo vidogo vilikuwa vimeshafika nyumbani. Sitasema viliibwa. Nitasema vilistaafu pamoja na wenyewe.

Kuhusu J.O. usijisumbue kumtafuta mwenyewe, huku kwetu majina ya O yamejaa, J.O. ni nusu ya mji.

Mimi natafuta soko la Kibuye Jumapili, asubuhi mapema kabla watu watoke kanisani. Siri ni moja, hawaziweki juu ya meza. Juu kuna spana na plaizi za China zinang'aa. Uliza kwa heshima "jaduong' (mzee), chini hapo kuna nini" atavuta gunia na mguu. Lakini kabla utoe pesa, angalia mdomo wa randa, ule mpasuko kisu kinatokea. Hizi ni chuma cha kumwaga, si cha kufua, ikianguka kwa saruji inapasuka pembeni ya mdomo, ufa kama unywele, na kutu inauficha. Ishike na vidole viwili uigonge na funguo. Ikilia kama kengele nunua. Ikisema "tap" kama sufuria imepasuka irudishe kwa gunia. Mimi nilinunua moja ya Record hivyo hivyo kwa pupa, nimeiweka dirishani inazuia pazia.

Na angalia mbao ya mpini. Kama ni nzito na nyeusi nyeusi ina mistari ni rosewood, hizo ni za kitambo sana. Zilizofuata nyingi ni mbao ya kizungu nyeupe imepakwa rangi. Plastiki nyeusi nazo ni za juzi, ingawa nazo si mbaya.

---

Kitale_Ndani (Kitale)

Niuzie elfu mbili leo hii, nakuja na matatu.

---

Fundi_Molasi (Muhoroni)

Usimuuzie huyo wa juu.

Skiza kijana, kabla hujafanya kitu chochote fungua randa yote na uweke kila skuru kwa mkebe mmoja wenye kifuniko. Skuru za Stanley uzi wake si wa kawaida, hazifanani na bolti yoyote ya hadiwea, ukipoteza moja utatembea Nakuru nzima mpaka Nairobi na hutapata, itabidi uue randa nyingine. Mimi niliwahi kupoteza ile ya kubana mpini nikaisaka kwa maranda na sumaku ya spika siku mbili.

Kutu: usiende na grainda. Najua unayo ama jirani anayo, na itatoka haraka na cheche nyingi na utafurahi, lakini itakula ile soli itabaki na mabonde. Sisi huku tunakaa na miwa, tunatumia molasi. Ile ile ya ng'ombe. Molasi kikombe kimoja, maji vikombe tisa, ndoo ya plastiki, ingiza vyuma vizame kabisa, mbao usiingize. Acha wiki moja, toa uangalie, kama bado rudisha wiki ingine. Molasi inakula kutu na chuma kizuri inakiachia, lakini usisahau randa ndani ya ndoo miezi, nimeona chuma cha kumwaga kikikaa sana kinalainika juu. Ikitoka itakuwa nyeusi nyeusi kama masizi, osha na brashi na maji, kausha HAPO HAPO, mimi naweka juu ya jiko limebaki na makaa ya mwisho, halafu mafuta. Usipokausha, ukienda kula ukirudi itakuwa imeshaanza kutu ya njano.

Ukitaka haraka kuna ile ya chaja ya betri ya gari, maji na magadi ndani ya ndoo, hasi kwa randa, chanya kwa kipande cha chuma kikuukuu, masaa kadhaa tu. Lakini iwe nje, maana inatoa hewa ya kulipuka, na hicho chuma kikuukuu kisiwe stenlesi, inatoa sumu. Mimi na umri wangu nimebaki na molasi.

Soli: tafuta kioo kizito, cha meza ama dirisha la duka, bandika msasa wa 80 juu, chora mistari ya penseli kwa tumbo la randa, sukuma. Mahali penseli inabaki ndio kuna bonde. Hiki kitu wengi hawajui, fanya hiyo kazi kisu kikiwa ndani kimebanwa lakini kimerudishwa juu, kwa sababu ule mbano unapinda chuma kidogo na unataka inyooke ikiwa vile itakavyofanya kazi.

Kisu: inchi moja na nusu ni maisha yako yote, na utamrithisha mtu. Nyoosha kwanza mgongo wa kisu, ule upande wa gorofa, sentimita ya mwisho tu iwe kama kioo, watu wote wanaruka hapo ndio wanalia. Upande wa mlalo noa digrii 25, halafu inua kidogo 30 umalizie. Ukiguza nyuma na kidole gumba utasikia kitu kidogo kinakwaruza kama unywele wa ndevu, upana wote wa kisu. Hapo umefika. Geuza kisu uondoe huo unywele, halafu vuta kwa mshipi wa ngozi mara ishirini. Kama unatumia jiwe la umeme weka maji kando, chovya kila sekunde mbili, kikigeuka buluu kimekufa hapo, kitakuwa laini kama bati.

Mwisho ni kile chuma cha juu kinachopanda mgongo wa kisu, kikae nyuma ya makali milimita moja. Mbao ikiwa na nyuzi zimekorogeka, kama ile ya msitu wa Kakamega, Elgon teak, sogeza mpaka nusu milimita na hata chini ya hapo. Kazi ya hicho chuma ni kuvunja utepe kabla haujang'oa mbao mbele yake.

---

Kazi_ni_Sahani (Kakamega)

Nitasema kitu hamtapenda.

Mimi ni fundi, si wa wikendi. Nina watoto wanne na hii ndio sahani yangu. Nilianza na randa ya mkono 1998 chini ya babangu na ninawaambia hizi stori za harufu ya saiprasi zinasimuliwa na watu walikuwa wanaokota maranda, si watu walikuwa wanapiga randa. Mlango mmoja wa paneli, mbao ngumu, kupiga zote pande nne kwa mkono ilikuwa siku mbili. Leo napeleka mbao kwa mwenye mashine naenda kunywa chai nikirudi ziko tayari zimenyooka zote saizi moja. Babangu bega la kulia halipandi. Akitaka kuchana nywele anainamisha kichwa kifuate mkono. Hiyo ndio No 5.

Na mbao yenyewe si ile. Tangu 2018 serikali ilipofunga ukataji msituni bei ilipanda na fundi mdogo kama mimi akabaki kununua mbao ya shamba imekatwa wiki jana, saiprasi mbichi inatoa maji, miti midogo yenye vifundo kila futi. Weka hiyo randa yako ya reli hapo uone, mdomo unaziba maranda maji maji kama mboga, na kwa kifundo inaruka inakupiga vidole. Guka yako alikuwa na mbao imekauka miaka miwili kwa dari. Si randa tu ilikuwa nzuri.

Kingine, nilisomea kozi mahali fulani hapa magharibi, sitataja, walikuwa na kabati imejaa randa na patasi za Sheffield zingine bado na karatasi ya mafuta, kabati ina kufuli, tulikuwa tunazionyeshwa. Mtihani ukifika zinatolewa siku hiyo moja. Sisi mwaka mzima tulipiga kazi na randa mbili za vijana kumi na nane na hazijawahi kuona kinoo. Kwa hivyo nikisikia mtu anasema zana za zamani najikuta nakumbuka kufuli.

Sawa nimalize. Stima ikipotea, na inapotea, mwenye mashine anafunga anaenda. Na hata mashine ikipita, inaacha mawimbi madogo madogo, varnishi ikipakwa yanaonekana kama mgongo wa samaki, mteja mwenye jicho ataona. Hapo ndio natoa No 4 ya babangu, ile randa fupi ya kumalizia. Mara tatu, nne, juu ya ubao, basi. Hiyo siuzi.

---

Mjukuu_wa_Njoro

@Kazi_ni_Sahani sijakasirika hata. Umenikumbusha guka alikuwa anajifunga leso ya cucu kwa kiuno jioni na sisi tulikuwa tunacheka, sikuwahi kuunganisha hiyo leso na randa mpaka leo.

@Fundi_Molasi asante mzee wangu. Nimeenda agrovet nikanunua lita mbili, kijana ameniuliza una ng'ombe wangapi nikamwambia mmoja, wa inchi 14.

---

Mama_Lusiola (Vihiga)

Mulembe wote. Nasoma hapa kimya kimya siku nyingi, leo wacha niandike.

Baba yangu alifundishwa useremala na watu waliofundishwa Kaimosi. Wale wamisheni wa Friends (Quaker) walipofika 1902 jina lao lenyewe lilikuwa Friends Africa Industrial Mission, walikuja na biblia na msumeno pamoja, wakaweka mashine ya kupasua mbao inasukumwa na maji. Ndio maana vijiji vya huku ukiingia nyumba ya zamani unakuta viti vya mikono vimefungwa vizuri bila msumari hata mmoja, ulimi na shimo peke yake. Baba alikuwa anasema msumari ni wa mtu ana haraka ya kulipwa.

Nyinyi mnaongea randa tu. Msumeno je? Mimi niko na wake, Spear & Jackson ya Sheffield, mpini umelainika mpaka mahali pa vidole pameingia ndani na vidole vyangu havijazi hapo, alikuwa na mkono mkubwa. Msumeno wa kitambo ukiushika ncha na mpini ukaupinda uwe kama upinde halafu uachie, unarudi umenyooka kabisa. Tena ukiuangalia, mgongo ni mwembamba kuliko upande wa meno, ndio usibanwe ndani ya mbao. Hizi mpya za hadiwea meno yake yamechomwa, yana kile kirangi cha buluu, ukiweka tupa inateleza tu kama kwa kioo. Zikiisha makali ni za kutupa ama kutengeneza panga. Wa baba ulitiwa makali labda mara mia mbili na bado uko.

Kuunoa nilijifunza kwa kuiba. Mfumo wa masomo wa 8-4-4 ulipoanza 1985 wazazi walichanga huku kila mahali kujenga karakana za shule, lakini ile shule yetu ilisema wavulana useremala, wasichana kupika na kushona. Nikirudi nyumbani baba alikuwa ananiwekea msumeno kati ya mbao mbili kwa jiliwa, ananipa tupa ya pembe tatu, anasema jino moja ruka moja, hesabu kwa sauti. Ukimaliza upande mmoja unageuza. Wa kupasua mbao kwa urefu tupa inaenda moja kwa moja, meno yanakaa kama patasi ndogo ndogo. Wa kukata kuvuka nyuzi tupa inalala kidogo, meno yanakuwa kama visu. Halafu unapinda jino moja kulia moja kushoto, kidogo sana, ncha tu. Aliweka sindano ya kushonea juu ya meno akainua msumeno upande mmoja, sindano ikateleza katikati ya ile mifereji miwili kutoka mpini mpaka ncha bila kuanguka. Hapo akasema hii sasa unaweza kata.

Kijana wa Kakamega nimekuelewa kabisa, mama yangu ndiye alikuwa anamkanda baba mgongo na mafuta ya taa na chumvi. Lakini nitakuambia, hiyo kufuli ya kabati si kosa la patasi.

Kijana wa Nakuru, anko yako usimweke moyoni sana. Baba alipoenda, kaka zangu pia walitaka kuuza, walikuwa wanaona chuma tu, wao hawakuwahi kuhesabu meno kwa sauti. Mimi niliweka sanduku chini ya kitanda changu na nikalala juu yake.

---

Omera_wa_Kibuye (Kisumu)

Mama, hiyo ya sindano nimeisoma mara tatu. Nimeenda kujaribu na msumeno wangu, sindano imetembea inchi mbili ikaanguka kwa chai.

---

Mjukuu_wa_Njoro

Narudi kama nilivyoahidi, wiki ya tatu sasa.

Molasi imefanya kazi lakini mzee hukuniambia kuhusu nyuki. Niliweka ndoo nyuma ya jikoni bila kufunika, siku ya pili ilikuwa imejaa nyuki na siafu wamepanga foleni mpaka kwa ukuta, mama watoto akasema nichague nani ahame. Nimefunika na bati na jiwe. Wiki moja sikuona tofauti kubwa, wiki ya pili nimetoa nikasugua na brashi ya viatu, kutu ilitoka kama tope, chini yake chuma cha kijivu safi. Na nyuma ya kile kipande kisu kinalalia kumebaki rangi nyeusi ya kiwandani, haijaguswa.

Kioo nilipata cha meza imevunjika mguu. Nilisugua soli jioni tatu, penseli ilikataa kutoka kwa kona moja ya nyuma nikaiacha, nimesoma mahali kwamba mbele, mdomoni na mwisho zikigusa inatosha. Mzee kama si kweli unisahihishe.

Kunoa ndio kulinichosha. Mara ya kwanza nilijidanganya, nikaenda kwa ubao ikanguruma na kuruka, ikaacha alama kama ngazi. Nikarudi kwa mgongo wa kisu, hapo ndipo nilikuwa nimeruka vile tu uliandika watu wanaruka. Siku mbili zingine za mgongo peke yake. Juzi usiku nikasikia ule unywele kwa kidole gumba, upana wote. Nikauvuta kwa mshipi wangu wa suruali, nikajinyoa mkono kidogo, sasa niko na kipara kwa mkono wa kushoto kama kuku amenyonyolewa.

Niliomba jirani kipande cha saiprasi kimekauka, alikuwa anafungia mlango nacho. Nikazungusha kigurudumu mpaka kisu kikakataa kuguza kabisa, halafu kidogo, kidogo. Mara ya kwanza hakuna kitu. Ya pili unga. Ya tatu ikatoa utepe, si mrefu, kama futi moja, ukajikunja juu ya mkono wangu. Kijana wangu wa miaka sita alikuwa amesimama hapo, akauokota akaupeleka puani bila mtu kumwambia.

Ile EAR&H nimeacha. Na J.O. nimeacha, nimepaka tu mafuta juu. Banda la kuku bado halina mlango, ila sasa lina maranda.

---

Fundi_Molasi (Muhoroni)

Mbele, mdomoni, mwisho. Ni kweli, hiyo kona achana nayo. Nyuki ni kweli pia, nilisahau, mimi wangu wamenizoea.

---

Kazi_ni_Sahani (Kakamega)

Sasa tafuta No 4 umalizie, hiyo 5 ni ya kuondoa mwili tu. Na kama unapita Kakamega niko na kipande cha Elgon teak cha kitambo, kimekauka, kama mita moja. Nilikuwa nakiweka sijui cha nini. Njoo na hiyo randa tuone kama itakitoa jasho ama kitakutoa wewe.

---

Kitale_Ndani (Kitale)

Elfu nne. Na nauli juu.